MGENI WA IMANI: TUMPOKEEJE, TUMFUNDISHE NINI?



Ndugu wanakamati wa parokia na vigango, pamoja nanyi wafadhili wetu mnaosoma jarida hili mkiwa mbali, tunawasalimu kutoka Sola, mkoani Simiyu. Katika toleo hili tunaacha kidogo habari za visima, mbegu na madarasa, ili tujibu swali ambalo huletwa kwetu mara kwa mara. Swali lenyewe ni hili: mtu mzima akija na kusema, "Nataka kuwa Mkatoliki," aambiwe nini, afundishwe nini, na nani awajibike naye?

Swali hili linaonekana dogo, lakini lina uzito. Wengi hubatizwa usiku wa Pasaka kwa shangwe na vigelegele, kisha mwaka unaofuata hatuwaoni kanisani wala katika Jumuiya. Tukiulizana, kila mmoja humtupia mwenzake. Kamati humlaumu katekista, katekista huilaumu Jumuiya, nayo Jumuiya husema, "Hatukumjua mtu huyo kabla hajabatizwa." Jibu hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Kama Jumuiya haikumjua mtu kabla ya ubatizo, basi hakupokelewa na Kanisa. Aliandikwa katika daftari tu.

MSAADA SI MLANGO WA UBATIZO

Kabla ya kusema lolote kuhusu imani, tuweke wazi jambo moja kwa wanakamati na wafadhili pia. Shirika letu ni la kidini, na kazi zetu za maendeleo zinatokana na imani yetu. Lakini maji ya kisima, mahindi ya wakati wa njaa na ada ya mtoto wa shule havitolewi ili mtu abatizwe, wala havizuiliwi kwa sababu mtu hakubatizwa. Mwaka 1994 mashirika ya misaada, Caritas Internationalis yakiwemo, yaliafikiana juu ya kanuni za maadili zinazokataza msaada kutumika kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Papa Benedikto wa 16, katika barua yake Deus Caritas Est ya mwaka 2005, alifundisha vivyo hivyo: upendo hutolewa bure, hautumiki kama chambo.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo inasema kwamba hakuna ruhusa ya kumlazimisha mtu yeyote apokee imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake (kanuni ya 748). Hivyo basi, mtu akifika kuomba mafundisho siku chache baada ya ugawaji wa chakula, asifukuzwe, lakini aulizwe kwa upole anatafuta nini. Aelezwe kwamba akiendelea na mafundisho au akiacha, jina lake katika orodha ya msaada halitaguswa. Anayebaki baada ya kuelezwa hivyo amekuja kwa hiari yake.

MKATOLIKI ANAAMINI NINI?

Mgeni hahitaji kumeza kitabu kizima siku ya kwanza. Mambo makuu ya imani yako katika Kanuni ya Imani, ile sala tunayoiita "Nasadiki" na ambayo tunaisali kila Dominika. Kwa kifupi ni haya:

1. Mungu ni mmoja, katika Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Wasukuma walimjua Mungu Muumba kabla ya wamisionari kufika, nao walimtaja kwa majina yao. Kwa hiyo katekista haanzi shambani pasipolimwa.

2. Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu aliyefanyika mtu, akazaliwa na Bikira Maria, akateswa, akafa msalabani, na siku ya tatu akafufuka. Ufufuko huo ndio kiini cha imani yetu, na ndiyo sababu Pasaka ni sikukuu kubwa kuliko Noeli.

3. Roho Mtakatifu analiongoza Kanisa, ambalo ni moja, takatifu, katoliki na la mitume. Neno "katoliki" maana yake ni la watu wote, mahali pote. Askofu wa Roma, yaani Papa, ni mwandamizi wa Mtume Petro, na maaskofu ni waandamizi wa mitume.

4. Kuna ushirika wa watakatifu, maondoleo ya dhambi, ufufuko wa wafu na uzima wa milele.

Mgeni pia atasikia maneno mengi ya mitaani, na ni haki yake kupewa majibu. Je, Wakatoliki wanaabudu sanamu? Hapana. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Sanamu na picha hutukumbusha watu na mambo ya wokovu, kama vile picha ya marehemu mzazi ukutani inavyotukumbusha mzazi. Je, Wakatoliki wanamwabudu Maria? Hapana. Wanamheshimu kama Mama wa Yesu na wanamwomba awaombee. Je, Biblia yao ni tofauti? Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, kwa sababu Agano la Kale lina vitabu saba, kama vile Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, ambavyo ndugu zetu Waprotestanti hawavihesabu.

SAKRAMENTI SABA

Mungu asiyeonekana hutujia kwa njia ya vitu tunavyoviona na kuvigusa: maji, mafuta, mkate, divai, mikono ya mtu. Ndiyo maana ya sakramenti. Ziko saba, nazo ni Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa.

Tatu za kwanza humwingiza mtu katika Kanisa, na mtu mzima kwa kawaida huzipokea zote katika ibada moja, hasa usiku wa Mkesha wa Pasaka. Ubatizo hutolewa mara moja tu maishani. Hivyo mtu aliyekwisha kubatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, katika Kanisa jingine la Kikristo, habatizwi tena. Hufundishwa, huungama imani, na kupokelewa katika ushirika kamili. Wanakamati wasimwite mtu huyo mpagani, wala wasimweke katika kundi moja na ambaye hajabatizwa. Atakuwa ameumizwa bila sababu. Kama kuna mashaka juu ya ubatizo wake, paroko atachunguza.

Ekaristi ndiyo chemchemi na kilele cha maisha yetu. Tunaamini kwamba katika Misa mkate na divai hugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo kweli kweli. Kwa sababu hiyo, yule ambaye bado yuko katika mafundisho hapokei Komunyo. Hii si kumbagua. Ni kama chakula cha nyumbani ambacho mtu hukingojea hadi afanywe mwana wa nyumba ile. Naye anayekomunika hujizuia kula na kunywa kwa muda wa saa moja kabla, isipokuwa maji na dawa.

Katika Kitubio tunaungama dhambi zetu kwa padre, naye anafungwa na siri ya maungamo isiyovunjwa kwa sababu yoyote ile. Mgeni aambiwe jambo hili mapema, maana hofu kubwa ya wengi ni kwamba mambo yao yatajulikana kijijini.

SAFARI YA UKATEKUMENI

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa hatua zake. Kitabu cha ibada hiyo kilitolewa Roma mwaka 1972. Hatua zenyewe ni hizi:

Hatua ya kwanza ni matayarisho. Mgeni anasikia habari za Yesu, anauliza, anatazama. Hakuna daftari linalofungwa wala linalofunguliwa. Katika muda huu Jumuiya Ndogo Ndogo ya mahali anapoishi ijue jina lake na nyumbani kwake.

Hatua ya pili ni kupokelewa katika ukatekumeni. Mbele ya waamini anapigwa alama ya msalaba, naye anaanza mafundisho yenyewe. Hapa wengi hawajui jambo moja kubwa: katekumeni tayari ni mtu wa Kanisa kwa namna ya pekee. Akifa kabla ya kubatizwa anastahili mazishi ya Kikanisa (kanuni ya 1183). Akiwa katika hatari ya kufa anaweza kubatizwa, na kama hakuna padre wala shemasi wala katekista, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa anaweza kumwagia maji na kutamka maneno ya ubatizo. Kila mwanakamati ayajue maneno hayo kwa moyo, hasa huku ambako padre huweza kuwa mbali na njia haipitiki wakati wa masika.

Hatua ya tatu ni uteule. Mwanzoni mwa Kwaresima majina ya walio tayari hutajwa. Katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima waamini huwaombea kwa ibada maalumu. Kisha huja Mkesha wa Pasaka wenye moto, mshumaa wa Pasaka, masomo marefu ya Biblia, maji, mafuta na Ekaristi.

Hatua ya nne ni ile tunayoisahau. Kuanzia Pasaka hadi Pentekoste, siku hamsini, mbatizwa mpya anaendelea kukusanyika na kuelezwa mambo aliyoyapokea. Katika maeneo mengi mafundisho husimama Jumatatu ya Pasaka. Hapo ndipo watu hupotea.

KWA NINI MUDA WOTE HUO?

Wako wanaouliza kwa nini tusibatize haraka kama wafanyavyo wengine. Jibu liko katika historia ya ziwa letu wenyewe.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, mwaka 1868, aliagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya kufundishwa na kujaribiwa. Wamisionari wake walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, kwa sababu ya hatari, waliondoka, wakavuka ziwa hadi upande wa kusini, na mwaka 1883 wakaweka misioni Bukumbi, katika nchi ya Wasukuma. Walirudi Buganda Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili waamini wa kule walibaki bila padre. Waliobatizwa walikuwa wachache, na wengine walikuwa bado wanafundishwa. Mtu angetegemea kwamba mapadre wakirudi wangekuta magofu. Badala yake walikuta watu wengi kuliko waliowaacha. Walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe waliwakusanya wenzao, wakasali pamoja na kufundishana.

Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyekuwa bado katekumeni, alikwenda kubatizwa. Mwezi Mei 1886, usiku wa kuamkia safari ya kifo, Lwanga mwenyewe aliwabatiza wakatekumeni wenzake, akiwemo kijana Kizito aliyekuwa na umri wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza Wakatoliki 22 miongoni mwa mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu.

Tunajifunza mawili hapo. Kwanza, imani iliyopandwa taratibu ndiyo iliyosimama siku ya moto. Pili, aliyewafundisha na kuwabatiza wenzake usiku ule hakuwa padre. Alikuwa mlei aliyewajua kwa majina. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1976, walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele kwa sababu kama hiyo: Kanisa liwe mahali watu wanapojuana.

Huku kwetu mbegu hiyo ililimwa na wengi. Prefektura ya Maswa ikawa Jimbo la Shinyanga mwaka 1956, chini ya Askofu Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll. Mapadre wageni walikuwa wachache na vijiji vilikuwa mbali. Bila makatekista waliotembea kwa miguu na kwa baiskeli, vigango vingi visingekuwepo.

MASWALI MAGUMU YA HUKU KWETU

Wake wengi. Mwanaume mwenye wake wawili au watatu anaomba ubatizo. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja. Lakini halisemi awafukuze wengine waende zao. Kanuni ya 1148 inasema kwamba mtu ambaye hajabatizwa, akibatizwa, anaweza kubaki na mmoja wa wake zake ambao nao hawajabatizwa, ikiwa ni vigumu kwake kubaki na yule wa kwanza. Kanuni hiyo hiyo inaagiza mahitaji ya mke wa kwanza na ya wale walioachwa yatunzwe kwa haki na kwa upendo. Kwa lugha ya kijijini: shamba, nyumba, mifugo na ada ya watoto vizungumzwe kabla ya maji ya ubatizo. Ubatizo wa mume usiwe chanzo cha njaa ya mama na watoto wake. Mambo haya hayaamuliwi na kamati barazani. Yapelekwe kwa paroko, naye atafuata taratibu za jimbo. Na mke wa pili akitaka ubatizo huku mume hataki kubadilika, tumwonee huruma, tusimfungie mlango wa sala na wa Jumuiya.

Mababu na mila. Kuheshimu wazee waliotutangulia si dhambi. Sisi tunawaombea marehemu wetu, na mwezi Novemba wote tumeuweka kwa ajili hiyo. Kisichokubalika ni kuwaogopa na kuwatolea sadaka kana kwamba ndio wanaotawala maisha yetu. Ngoma, majina na mavazi yetu yanaweza kumtukuza Mungu. Wanaotaka ushahidi watembelee Bujora, karibu na Mwanza, alikofanya kazi Padre David Clement. Kanisa la pale lina altare iliyofanywa kama kiti cha mtemi na tabernakulo yenye umbo la nyumba ya Kisukuma. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu.

Waganga na uchawi. Dawa ya miti shamba ni dawa. Mkristo anaweza kuitumia, huku akienda pia kituo cha afya. Lakini ramli Kanisa linaikataa kabisa, na huku kwetu tunajua sababu kwa uchungu. Ramli ndiyo inayotaja jina la jirani. Katika nchi ya Wasukuma akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu ya imani hizo za ushirikina.

Kwa hiyo, siku ya ubatizo mtu anapoulizwa, "Je, unamkataa Shetani na kazi zake zote?" asidhani anaulizwa habari za mbali. Anaulizwa kama mwezi ujao, mtoto wake akiugua, atakataa kwenda kupiga ramli. Anaulizwa kama atasimama mlangoni kwa yule bibi jirani, ukoo ukianza kunong'ona. Katekista ambaye hajalifundisha jambo hili kwa mifano hajamaliza kazi. Na mradi wetu wa majiko yasiyo na moshi mwingi hautafika mbali kama Jumuiya haijakubali kwamba macho mekundu ni ugonjwa.

Kufunga. Mgeni aelezwe kwamba siku za kufunga kwa lazima ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Kufunga kwetu ni kula mlo mmoja kamili, pamoja na chakula kidogo mara mbili. Katika siku hizo mbili na katika Ijumaa za Kwaresima tunajinyima nyama, kuanzia miaka 14. Lakini Kwaresima yetu huangukia miezi ya palizi, ambapo ghala za wengi zinapungua na jembe halipumziki. Mgonjwa, mama mjamzito au anayenyonyesha, na mtu wa kazi nzito hawalazimishwi kudhoofisha mwili, na paroko ana uwezo wa kumsamehe mtu wajibu huo. Na mwenye chakula akumbuke kwamba mlo aliojinyima una mwenyewe: jirani ambaye amefunga bila kupenda.

Michango. Mgeni ataambiwa kuhusu sadaka, zaka na mavuno. Ni wajibu wa kila mwamini kulitegemeza Kanisa lake kadiri ya uwezo wake. Lakini kanuni ya 848 inaonya kwamba wahitaji wasinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kamati isiweke bei kwenye ubatizo kwa kuupa jina la mchango. Aidha, mavazi meupe yasigeuzwe mashindano ya suti na shela. Kitambaa cheupe kilicho safi kinatosha. Kuna watu wazima wanaoahirisha ubatizo mwaka hadi mwaka kwa sababu ya aibu ya nguo tu. Hilo ni deni letu.

MPE JEMBE

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa imani naye ndivyo alivyo. Akiendelea kukaa kiti cha nyuma kama mgeni mwaka mzima, atachoka na ataondoka. Mara baada ya Pasaka apewe kazi: asome somo katika Jumuiya, aingie kwaya, afagie kanisa, amtembelee mgonjwa, ajiunge na WAWATA, na wanaume wajiunge na umoja wao. Mtu hulipenda shamba alilolilima.

Kwa sababu hiyo tunaziomba kamati zifanye mambo matano:

1. Kila katekumeni awe na Jumuiya yake tangu mwezi wa kwanza, na mwenyekiti wa Jumuiya atoe taarifa zake kwa kamati.

2. Msimamizi wa ubatizo achaguliwe mapema, wala asiokotwe usiku wa Pasaka mlangoni mwa kanisa. Awe na miaka 16 au zaidi, awe Mkatoliki aliyepokea Kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, wala asiwe baba au mama wa anayebatizwa.

3. Mafundisho yapangwe kufuata msimu wa kilimo. Wakati wa palizi na wa kuvuna pamba yafanyike jioni au Dominika baada ya ibada, ili maskini asichague kati ya imani na shamba.

4. Mafundisho ya siku hamsini baada ya Pasaka yasiachwe, hata kama ni mkutano mmoja kwa wiki chini ya mti.

5. Mwaka mmoja baada ya ubatizo kamati isome tena orodha ya waliobatizwa, jina kwa jina, na kuulizana: huyu yuko wapi?

Nanyi wafadhili wetu, wapo kati yenu wanaouliza mchango wao unaingia wapi katika jambo hili. Mwaka 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliuweka ukatekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa. Heshima hiyo ni kubwa, lakini katekista wa kijijini kwa kawaida bado ni mkulima anayejitolea, na saa anayofundisha ameitoa katika shamba lake. Baiskeli yake, vitabu vyake vya mafundisho, semina yake ya wiki moja, taa ya kufundishia jioni: hivyo ndivyo vinavyoweza kutegemezwa na anayependa kutegemeza kazi ya kichungaji. Fedha hizo zitenganishwe katika hesabu na fedha za maendeleo, ili aliyetoa kwa ajili ya kisima ajue zimechimba kisima, na aliyetoa kwa ajili ya katekista ajue zimemfikia katekista. Msitudai idadi ya waliobatizwa kama kipimo cha mafanikio. Mkitaka kipimo, tuulizeni swali la tano hapo juu.

Tumalizie kwa yule mgeni tuliyeanza naye. Siku akifika na kusema, "Nataka kuwa Mkatoliki," mpe kiti, mpe maji ya kunywa, muulize jina lake na la nyumbani kwake, kisha umwambie, "Karibu. Jumamosi Jumuiya yetu inasali kwa mama fulani. Nitakupitia, twende pamoja." Mafundisho mengine yote yatafuata. Asipopata mtu wa kumpitia Jumamosi hiyo, hata mafundisho ya miaka minne hayatamfikisha.